Barua ya Kufungia Bagia

Mpendwa Mama mwenye nyumba,

Shikamoo. Naitanguliza mapema, kwa sababu nikichelewa kukuamkia ulikuwa ukiniuliza kama kule milimani kwetu watu huamkiana kwa barua. Haya, sasa imekuwa kweli. Nakuamkia kwa barua.

Naandika kwa mkono, asubuhi, kwenye meza ileile ya ukumbini. Upande wako hauna mtu; hadi jana madaftari yako tisa yalikuwa yamepangwa pale pale ulipokuwa ukiweka kiwiko. Jumanne mwanao Salma aliniomba ayasome. Na mimi, nisiyeweza kusoma hata mstari mmoja wa ulichoandika, ndiye uliyeniachia nikate shauri. Nimelikata. Nitakwambia, lakini uniache nifike huko kwa miguu yangu, maana ukinikatiza nitapoteza njia kama kawaida.

Nilihamia kwako na begi moja, makopo sita ya rangi na brashi zangu ndani ya soksi. Uliniuliza kazi yangu nikakujibu kwamba naandika. Ukataka kujua naandika nini. Nikasema mabango: kinyozi, duka la dawa, usitupe taka hapa.

"Lile la kwenye kona ya barabara ya kumi na mbili, usikojoe hapa, ni lako?"

"Ni langu, mama."

"Halijasaidia."

Ndivyo tulivyojuana.

Asubuhi ya pili ulinikuta ukumbini nimeinamia daftari, kalamu inakwenda bila kusimama. Ulisimama na ufagio wako ukaniangalia kama mtu anayeangalia maji yanayovuja akitafuta bomba.

"Unamwandikia nani, Mshambaa?"

"Simwandikii mtu."

"Kwa hiyo nani atasoma?"

"Hakuna. Hizi hazisomwi, mama. Zinaandikwa tu, basi."

Ulitikisa kichwa. Nami, kwa kujitetea, nikakueleza habari ya ubao. Kila fundi mabango ana kipande cha ubao ambacho hakimhusu mteja. Asubuhi brashi huwa ngumu, imebeba mabaki ya jana. Unaipitisha pale, unavuta mistari ya ovyo, juu, chini, mpaka rangi ianze kuteremka sawasawa. Ndipo unapanda ngazi. Ukianza moja kwa moja kwenye ukuta wa mtu, herufi ya kwanza itaota manyoya. Mimi niliishia darasa la saba na hakuna aliyenifundisha mambo ya kutunga, lakini siku moja nilijiuliza: ikiwa brashi inahitaji ubao wake, je, kichwa?

Basi ndio mtindo wangu. Kurasa tatu kila asubuhi kabla ya chai. Kalamu haiinuliwi, hakuna kufuta, hakuna kurudi nyuma kusoma. Neno likikataa kuja, unaandika "sina la kuandika" tena na tena mpaka likuonee huruma. Ukurasa wa kwanza huwa takataka: jino, mbu, ndoto isiyo na kichwa. Wa pili ni malalamiko. Kwenye wa tatu, si kila siku, hutokea kitu kimekaa kimya kinakungoja. Vihadithi vyangu vyote ambavyo ile redio ya mjini imewahi kuvisoma vilitoka ukurasa wa tatu. Na siku nisipoandika nashinda juu ya ngazi nikiwaza mambo kumi na manne kwa mpigo. Hukunicheka ulipokuta nimemwandikia kinyozi "maziwa fresh yanapatikana". Uongo. Ulicheka mpaka ukashika nguzo.

"Si uandike kwenye simu kama wenzio?" uliniuliza.

"Simu inanimalizia neno kabla sijalifikiria."

"Kama marehemu mume wangu," ukasema, ukaenda zako kuloweka kunde za bagia zako za kuuza.

Nilidhani tumeelewana. Na kweli ulinielewa, tena kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Karatasi isiyosomwa na mtu, tena imelundikwa ukumbini hadi usawa wa goti, ina kazi gani duniani kama si kufungia bagia? Magazeti ya zamani yalikuwa yamekuishia. Mimi nilikuwa kazini. Ulichana daftari la kwanza kwa roho safi kabisa, ukaanza kukaanga saa kumi alasiri kama siku zote.

Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nusu ya neno "saluni", niliposikia watu wanacheka kwa fundi baiskeli hapo chini. Yule fundi, unamjua, akisoma chochote lazima asome kwa sauti. Alikuwa ameshika bagia mkono mmoja na karatasi yenye mafuta mkono wa pili.

"'Masharubu ya mwenye duka la vitambaa,'" alisoma, "'yanaonekana kama yameazimwa na yanatakiwa yarudishwe kabla ya Idi.'"

Nikajisemea, ajabu, kuna mtu anafikiri kama mimi. Halafu nikaiona ile herufi ya "y" yenye mkia mrefu. Niliteremka ngazi bila kuhesabu vidato.

Nilipofika barazani umeshauza hadi chini ya sinia. Mtaa mzima umekula bagia na mimi. Mwenye duka la vitambaa mwenyewe alikuwa ameagiza bagia kumi na mbili, na alikuwa amesimama mlangoni kwake, upande wa pili wa barabara, anajipapasa juu ya mdomo, anafikiri. Wanawake wawili waliokuwa na vikapu walinitazama wakaziba midomo kwa kanga. Mmoja akaniambia, "Pole na jino, kaka."

Wewe ulikuwa umeketi nyuma ya karai. Herufi hizi za shule zilikuwa zinakupita; za chuoni, zile za Kiarabu, ndizo ulizofunzwa ulipokuwa mtoto. Lakini kicheko hakihitaji herufi. Ulikuwa umebakiza karatasi moja. Hukuifungia kitu. Mteja mmoja alikuwa ameisoma kimyakimya, akakutazama, akairudisha, akasema afungiwe kwenye nyingine.

"Lete kiti," uliniambia. "Nisomee."

Nilianza kusoma huku nikiruka ninapoona hatari.

"Mbona macho yanakwenda mbali kuliko mdomo?"

"Mwandiko mbaya, mama."

"Mwandiko ni wako. Uliyeandika wewe, utasoma wewe, na niliyeandikwa mimi nitasikiliza. Rudi mwanzo."

Nikarudi mwanzo. Nikasoma kwamba mama mwenye nyumba ameamka mkali kama siafu. Nikasoma kwamba anafagia chini ya dirisha langu saa kumi na moja alfajiri kwa makusudi, kama anayefagia ndani ya kichwa changu. Na kwamba hapo chini ya dirisha hapana mti, hapana jani, hapana hata vumbi la maana. Halafu mistari ya mwisho, ambayo naikumbuka hadi leo ingawa karatasi sijui iliishia wapi: "Nadhani anafagia ili asikie mtu akigeuka kitandani. Nyumba ya vyumba sita na wanaolala ni wawili."

Mafuta yakaanza kutoa moshi. Nilikuwa tayari nimeshaanza kukunja nguo zangu kwa mawazo.

"Hapo pa mwisho," ukasema, "rudia."

Nikarudia.

"Na huo ukali wa siafu, umeandika mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Kidogo." Ukaepua karai. "Kesho nitafagia upande wa pili."

Kesho yake ulifagia palepale. Niligeuka kitandani kwa nguvu zaidi, kitanda kikalia, na ufagio ukasimama kidogo kabla ya kuendelea. Hatukuwahi kulizungumza.

Lakini kuna jambo sikukwambia wakati ule, nakwambia leo. Bagia zile ziliniharibia mkono. Kwa siku nyingi baada ya hapo nikikaa mezani naandika kama mtu aliyevaa suti. Kila mstari namwona fundi baiskeli anausoma. Naandika "asubuhi ni njema" wakati si njema. Nikamsifu mwenye duka la vitambaa masharubu yake, ukurasa mzima, hata mwenyewe angetapika. Ukurasa wa tatu ukawa hauji kabisa, na redio wakatuma mtu kuuliza kama ninaumwa. Nikafikiria kuacha. Nilikuwa nimeshaliweka daftari chini ya makopo ya rangi.

Sijui uliona au hukuona. Wewe ulikuwa ukiona mengi ukijifanya unaokota kunde mbovu. Asubuhi moja nikakuta umeketi mezani, umejitanda kanga vizuri kama mtu anayekwenda ugenini, mbele yako daftari jipya na kalamu ya wino.

"Nionyeshe," ukasema.

"Nini, mama?"

"Hilo la kutoinua kalamu. Na mimi nina kichwa."

Nikakuonyesha. Ukauliza ikiwa huna la kusema unafanyaje, nikakwambia unaandika kwamba huna. "Hata kama ni ukurasa mzima?" Hata kama. Ukasema kazi hii ni ya wendawazimu, ukaandika Bismillahi juu kabisa, kwa herufi zako za chuoni, ukaanza.

Uliketi kulia kwangu. Mimi nikianzia ukutani nakuja kwako, wewe unaanzia mlangoni unakuja kwangu, na katikati ya meza mikono yetu inapishana kama watu kwenye uchochoro, kila mmoja anampa mwenzie nafasi. Hapo ndipo mkono wangu ulipopona, mama. Kuna mtu kando yangu, anapumua, anakohoa, anaguna goti likimuuma, na hawezi kunisoma. Wala mimi siwezi kumsoma yeye. Kabla ya hapo nilidhani ili mtu aandike kwa uhuru lazima awe peke yake. Wiki ya pili ukurasa wa tatu ukarudi, ukaketi mahali pake.

Na ujanja wako niliugundua baadaye sana. Nilikuuliza kwa utani kama karatasi zako nazo tutafungia bagia. Ulinitazama kama nimetukana. "Zenye herufi hizi? Pana jina la Mungu humo. Hazifungi chakula hizi, wala hazitupwi ovyo." Ukaendelea kuandika huku unalitabasamia daftari. Yaani ulichagua herufi ambazo mtaa mzima hauthubutu kuzitia mafuta. Mimi nimezaliwa na kubatizwa Mlutheri kule juu, sikuwa na kinga hiyo. Ilinibidi ninunue sanduku lenye kufuli.

Mambo hayo yote tuliyafanya miaka minne. Kurasa tatu kwa tatu, kisha chai, kisha wewe kwenye kunde, mimi kwenye ngazi. Sikumbuki kama tuliwahi kuulizana mwenzio kaandika nini. Siku moja tu ulisema, ukiwa unafunika kalamu, "Leo nimeandika jambo nilikuwa silijui." Nikakujibu, "Ukurasa wa tatu?" Ukasema, "Wa tatu." Tukanywa chai.

Ulipoanza kuumwa Salma alikuja kutoka Muheza, kwa mumewe wa machungwa. Ulimwambia mara moja tu, mbele ya majirani: "Madaftari mpeni Mshambaa." Wakadhani homa imepanda. Ulipoondoka, tukakuzika, watu wakatawanyika, Salma akaniletea yote tisa kwenye kapu, yamefunikwa kitambaa cheupe.

Alibaki. Alisema ni mpaka arobaini ipite, ikapita, akasema ni mpaka aone nyumba inakwendaje. Mumewe anakuja na gari la machungwa anarudi. Saa kumi karai lako liko barazani kama kawaida, na bagia zake, samahani, zina chumvi kuliko zako. Wateja hawasemi. Wanakunywa maji tu.

Jumanne ndipo alipokaa kwenye kiti chako akaniambia lililomkaa moyoni. Idi ya mwisho mligombana. Alitaka uhame ukakae naye Muheza, ukakataa, akasema maneno, ukasema yako, akapanda gari bila kuaga vizuri. Ulipougua hamkulirudia.

"Najua asubuhi iliyofuata alikaa hapa akaandika," aliniambia. "Nataka kujua aliniandika vipi."

"Si unazisoma hizi herufi? Kapu lilikaa chumbani kwako siku tatu. Nani angejua?"

"Angejua yeye. Alisema upewe wewe."

"Mimi siwezi kusoma, Salma."

"Ndiyo maana akakupa wewe. Humjui mama yangu?"

Nakujua. Ndiyo maana nilimwomba mpaka Ijumaa.

Jumatano na Alhamisi niliandika kurasa tatu mara mbili kwa siku nikitafuta jibu. Upande mmoja, kurasa hizi hazisomwi. Ni mimi niliyekuambia, na uliandika kwa kuniamini. Nikizifungua zote nimekufanya karatasi ya kufungia bagia, tena bila bagia. Upande wa pili, ni wewe uliyeniketisha kwenye kile kiti ukasema aliyeandikwa asikilize. Na Salma ameandikwa humo, hilo halihitaji kujua herufi. Ukurasa wa tatu wa Alhamisi jioni ndio ulionipa jibu, na ni lako mwenyewe. Siku ile ya bagia, kila mtu alipata karatasi moja. Hakuna aliyenisoma mzima mzima. Mmoja alipata jino, mmoja masharubu, na wewe ukapata ufagio. Kila mtu na iliyomwangukia, na hakuna aliyekufa, hata mimi.

Jana, Ijumaa, nikamwita Salma. Nikamwambia ukurasa mmoja. Afumbe macho, achague daftari, afungue. Ukiwa ni wa matusi, wake. Ukiwa ni wa bei ya nazi, wake. Tarehe hukuandika hata siku moja, kwa hiyo hata kubahatisha hawezi.

Alitia udhu kwanza. Akafumba macho, mkono ukatangatanga juu ya meza, ukashika la saba. Akafungua. Alisoma polepole, kwa sauti, na mama, sauti ilikuwa yako.

"'Sina la kuandika. Sina la kuandika. Mshambaa anaandika kama anafukuzwa. Goti. Kunde za jana hazikusagika vizuri, yule mtu wa mashine anataka kuambiwa. Sina la kuandika. Salma anapenda zile ndogo zilizoungua pembeni, nimtengee. Nasahau kwamba yuko Muheza. Jana nimezitenga tena kwenye kile kisahani chake. Nimekaa nacho mpaka magharibi. Nimekula mwenyewe. Sina la kuandika. Sina la kuandika.'"

Aliinamia daftari. Nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa namna nyingine.

"Sizipendi," akasema.

"Nini?"

"Zilizoungua! Sijawahi kuzipenda. Nilikuwa nazila kwa sababu wateja walikuwa wanazikataa, na yeye alikuwa anaona uchungu kuzitupa. Nikamwambia ndizo nizipendazo. Nilikuwa na miaka saba!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Miaka yote hii ananitengea. Hata sipo, ananitengea."

Nilimuuliza kama anataka tufungue jingine, atafute ile ya Idi. Nilikuwa tayari kuvunja sharti langu mwenyewe, nakiri. Alilifunga daftari la saba, akalirudisha kwenye foleni, akalinyoosha na wenzake kwa kiganja.

"Yafungie," akasema. "Langu nimeshapata."

Basi nimeyafungia, mama, kwenye sanduku langu lenye kufuli, na yangu nimeyatoa ili yako yapate nafasi. Ufunguo anao Salma. Nafikiri hatalifungua, na akilifungua ni haki yake kuliko yangu. Nimeridhika. Nilidhani ningeandika hapa kwamba nina huzuni, lakini kalamu imefika hapa bila kuinuka na haijaliandika neno hilo, nami nimejizoeza kuiamini. Asubuhi zangu ni nzuri. Nasikia ufagio chini ya dirisha, saa kumi na moja kamili, mahali pasipo na jani hata moja. Sijui nani alimwambia Salma. Nageuka kitandani kwa nguvu.

Barua hii nimeiandika kwa herufi zangu za darasa la saba, kwa hiyo haina kinga yoyote. Magazeti yamekwisha tena tangu juzi. Salma akianza kukaanga nitamwachia kurasa hizi pembeni ya karai, na itakayemwangukia ataisoma akishakula. Fundi baiskeli asome kwa sauti, nimempa ruhusa. Mwenye duka la vitambaa asiwe na wasiwasi, safari hii amepita salama.

Imebaki moja tu, na hili nakunong'oneza kabla sijasimama. Jana jioni, baada ya yale yote, Salma aliniita barazani. Alikuwa ameshika kisahani kidogo, amekifunika kwa kisahani kingine kisipoe. "Nimekutengea," akasema. Zilikuwa ndogo, nane, zimeungua pembeni kote.

Nilimshukuru. Nikamwambia ndizo nizipendazo.

Lala salama, mama. Leo nimechelewa chai.

Mpangaji wako wa chumba cha kwanza kushoto,
Mshambaa.